Sura ya Sita: Mabehewa Mawili, Namba Moja

"Hili ndilo la kwanza," mzee Fourie alisema, akaliweka behewa juu ya meza. "Na hili ndilo lililonikera."

Akaweka la pili kando yake.

Khatibu aliinama kuyatazama. Yalikuwa mabehewa ya nafaka, kila moja refu kama mkono kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, ya plastiki nyembamba iliyopakwa rangi ya kahawia. Mambo ya treni hayakuwahi kumshughulisha maishani, lakini haya hata yeye aliona kuwa si mchezo wa watoto. Juu palikuwa na vifuniko vya kupakilia. Chini palikuwa na matumbo mawili yaliyochongoka kama faneli, kila tumbo na mlango wake wa kumwagia, mdogo kuliko ukucha. Kutu ilikuwa imetambaa kwenye maungio, mahali maji ya mvua yangesimama kweli.

Na ubavuni, kwa herufi nyeupe, mabehewa yote mawili yalikuwa na namba ile ile. Iliishia na mia mbili sitini na tatu.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, Alhamisi, katikati ya Juni 2011. Gereji ya mzee, huko mlimani, mtaa wa Observatory jijini Johannesburg, haikuwa na gari. Gari lililala nje kwenye baridi ili treni zake zilale ndani. Reli zilizunguka kuta zote nne, zikapita kwenye vilima vya karatasi na stesheni zenye abiria wakubwa kama punje za mchele.

Spéciose alisimama mlangoni. Alipewa kiti, akakikataa. Nywele za bandia zilikuwa bado zimenasa kwenye sketi yake, za mteja aliyemsuka Jumanne, kwa sababu tangu Jumanne hakubadilisha nguo. Mumewe, Valentin, ndiye aliyetengeneza mabehewa yale. Mchana alikuwa mlinzi kwenye yadi ya reli ya kinu cha unga cha Rooidal, upande wa Germiston. Jioni alikuwa fundi wa mzee Fourie. Jumanne jioni hakurudi nyumbani Malvern. Kinu kilisema ametoroka kazi. Polisi wa zamu alisema mwanamume mzima akiondoka, ameondoka. Ndipo Spéciose akaja Jules Street, nyuma ya duka la cherehani, kwa Khatibu.

Kwao Tanga, Khatibu alikuwa sajenti wa polisi miaka kumi na mmoja. Johannesburg hakuwa na cheo chochote. Alikuwa na daftari, viatu vizuri, na watu waliokwisha kufukuzwa kila mahali pengine.

"Kwa nini lilikukera?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Kwa sababu hakuna reli yenye mabehewa mawili ya namba moja," mzee alisema. "Nimepanga ratiba za treni miaka thelathini na minane. Namba ya behewa ni kama alama ya kidole. Nikamwambia Valentin, umekuwa mvivu, umerudia namba. Akakasirika. Akaniambia, 'Mzee, mimi sitengenezi kitu ambacho sijakiona.'"

"Na ni kweli?"

"Yule?" Mzee alilinyanyua behewa la pili kwa vidole viwili. "Ukimwomba akutengenezee behewa jipya linalong'aa, anakataa. Anataka lile alilolitazama kutoka kwenye lindo lake. Kila kovu, kila bolti. Hii kutu unayoiona si rangi. Ameikwangua kwenye behewa lenyewe, akaisaga, akaipuliza juu ya gundi."

"Anasema nini kuhusu kutu?" Spéciose aliuliza. Kiingereza chake kilikuwa cha saluni tu.

Khatibu akamtafsiria.

"Anaisagia kwenye kinu changu cha pilipili," alisema. "Jumapili nilimgombeza. Nikamwambia vraiment, kweli, Valentin, tutakula treni mpaka lini."

Khatibu alimgeukia mzee. "Mlibishana. Kisha ukafanya nini?"

Mzee Fourie alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya sweta. Ilikuwa safi.

"Nilipiga simu."

"Wapi?"

"Kinuni. Yadi ya reli. Jumanne, saa sita mchana. Nilitaka kumaliza ubishi tu. Nikasema, kuna mlinzi wenu anaitwa Valentin, anadai ameona mabehewa mawili yenye namba hii. Naomba mnithibitishie kwamba amekosea."

"Nani alipokea?"

"Nyapara wa yadi. Stoffel. Mtu mwenye adabu sana." Mzee aliendelea kufuta. "Aliniuliza Valentin aliyaona lini. Na kama amemwambia mtu mwingine."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia hapana. Tunajua sisi wawili tu."

Khatibu alifikiri kumficha Spéciose, kisha akaona kwamba mwanamke huyu ameshafichwa vya kutosha wiki hii. Akamtafsiria neno kwa neno. Spéciose alimgeukia mzee.

"Mwambie," alisema, "mume wangu alikuwa anamsifu nyumbani. Alisema Johannesburg nzima huyu mzee peke yake ndiye anamwita fundi."

Khatibu akamwambia. Mzee akaketi kwenye kile kiti ambacho Spéciose alikikataa.

"Sasa nieleze kama unamweleza mjinga," Khatibu alisema. "Mtu akiwa na mabehewa mawili ya namba moja, anafanyia nini?"

Mzee alivaa miwani yake. Swali la kazi lilimsaidia kupata sauti.

"Behewa hili linabeba tani hamsini za mahindi. Karatasi inasema 263 limepakiwa Free State, 263 limefika kinuni. Sawa. Lakini kwenye treni yenye mabehewa arobaini, nani anahesabu? Karatasi inaona moja, injini inavuta mawili. La pili linapakiwa, linasafiri, linamwagwa, na kwenye vitabu halijawahi kuzaliwa. Unahitaji mtu mmoja ghalani na mmoja kwenye yadi."

"Mtu wa yadi kama Stoffel."

"Mungu wangu," mzee alisema. "Na mimi ndiye niliyempigia."

"Lete funguo za gari," Khatibu alisema. "Na hayo mabehewa. Yote mawili."

*

Saa tano na nusu, bakkie ya mzee, pikapu kuukuu, ilisimama mita mia kutoka geti la Rooidal. Khatibu aliwaacha wawili ndani, akaenda kwa miguu.

Getini alikuwepo Pitchou, Mkongo wa Lubumbashi, mwenzake Valentin katika lindo kwa mwaka mzima. Alivaa koti la kampuni lililomzidi, na kofia ya sufu imeshuka hadi nyusi. Ndiye aliyemwambia Spéciose kwa simu kwamba mumewe aliondoka kwa hiari yake.

"Nilisha kumuambia bibi yake, papa," Pitchou alisema kabla hata hajaulizwa. "Valentin alitokaka hapa saa kumi na mbili. Na sac nyeusi ya mgongo. Akapanda teksi."

"Ya wapi?"

"Ya Alex."

"Umejuaje ni ya Alex?"

"Alinipatia bonjour ya mwisho. Akasema, Pitchou, miye naenda Alexandra, kule kuko rafiki yangu. Sharp, sawa. Akaenda."

"Alikuwa na haraka?"

"Hapana. Alikuwa anacheka."

Khatibu aliandika. Aliandika polepole, kama mtu asiye na shida na saa, mpaka Pitchou akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Valentin ana kovu shingoni. Umeliona?"

"Ndiyo, papa. Ya moto."

"Alilipatia wapi?"

"Sijue. Hakunielezaka."

"Basi nikueleze mimi. Mei 2008, wenyeji wa Alex walipowashambulia wageni, walimwaga petroli mlangoni kwake, yeye na mkewe wakiwa ndani. Alitokea dirishani na shati linawaka. Tangu siku ile, teksi ikikata kona kuelekea Alex, Valentin anashuka na kutembea. Mkewe ameniambia wamekosa harusi ya ndugu kwa ajili hiyo." Khatibu alifunga daftari. "Na wewe unaniambia alikwenda anacheka."

Pitchou aliivuta kofia yake hadi karibu na macho.

"Unajua kilichokuponza? Sisi wageni, hakuna anayetoroka kwenda Alex. Mwenyeji ndiye anayedhani huko ndiko wageni wanakopotelea. Kwa hiyo maneno haya si yako. Umefundishwa na mwenyeji. Stoffel alikupa maneno mangapi mengine?"

"Papa, taratibu, watatusikia."

"Valentin yuko wapi?"

"Eish, papa..."

"Mkewe yuko kwenye gari lile pale. Nimwite umwambie wewe mwenyewe?"

Pitchou aliangalia bakkie.

"Nilikuwa hapa getini," alisema. "Giza ilikuwa imeanza. Nikasikia makelele kule nyuma. Nikaenda kuchungulia. Batu batatu, na Stoffel. Banamupandisha juu ya behewa na kamba. Alikuwa kama gunia. Bakafungua kifuniko, bakamuachilia ndani."

"Akiwa hai?"

"Sijue, papa. Kwa jina la Mungu."

"Behewa gani?"

"Yote yanafanana!"

"Yako wapi sasa?"

"Iko hapa. Jana bamepanga treni upya. Yote matupu. Inaenda Free State leo, kupakia." Pitchou alifuta pua kwa mkono wa koti. "Saa saba."

Khatibu aliangalia saa. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

"Wanapakiaje huko?"

"Kutoka juu. Ghala inafungua bomba. Dakika kumi, imejaa."

"Kuna mtu anayechungulia ndani kwanza?"

Pitchou alitikisa kichwa. Khatibu aliona mahindi yakishuka kama ukuta juu ya uso wa mtu, akaiondoa picha ile kichwani kwa nguvu. Haikuwa na msaada.

"Kwa nini hukusema, Pitchou? Siku mbili!"

"Niko na batoto bane. Makaratasi yangu ya kazi, Stoffel ndiye anayashika. Ningesema kwa nani?"

"Stoffel yuko?"

"Tangu jana hakufika."

"Basi fungua geti," Khatibu alisema. "Na wewe unakuja nasi."

*

Khatibu alipiga simu polisi wakati bakkie inaingia. Aliambiwa gari litatumwa. Aliuliza lini, simu ikawa imeshakatwa.

Mabehewa thelathini na sita yalisimama kwenye mstari mmoja, marefu, ya kahawia, vumbi la unga kwenye kila kona. Khatibu aliokota jiwe, akampa Spéciose jingine.

"Wewe upande huu, mimi ule. Gonga kila moja, uite, usikilize. Usipitilize hata moja."

"Nitamwita kwa Kirundi," alisema, na alikuwa ameshaanza kukimbia.

Behewa tupu likigongwa linalia kama pipa. Kila pigo lilivuma, jina la Valentin likapotea ndani ya mvumo, kisha kimya. La kwanza, la pili, la tano. Spéciose aliita kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwingine asichelewe kazini. Kufikia la tisa sauti ilikuwa imepasuka.

"Mia mbili sitini na tatu!" mzee Fourie alipiga kelele kutoka mbele. Goti lake lilikuwa bovu, lakini alikuwa amewahi kufika behewa la kumi na moja. "Liko hapa!"

Khatibu alipanda ngazi ya chuma, akatembea juu ya paa, akafungua kifuniko cha kwanza. Alimulika kwa simu. Kuta laini, mteremko, mlango wa chini, punje chache. Kifuniko cha pili. Punje chache. Aliinama, akaingia mpaka kiunoni, akaita, sauti yake ikamrudia.

Hakuna mtu.

Aliposhuka, Spéciose alimtazama miguu, hakumtazama usoni. Saa ilikuwa sita na dakika ishirini na tano. Mbele ya mstari, injini ilirudi nyuma ikagonga behewa la kwanza, na mgongano ukasafiri kwenye mabehewa yote, moja hadi jingine, hadi mwisho.

"Labda walimtoa," Pitchou alisema.

"Nyamaza."

"Au labda ni yadi nyingine, papa, miye..."

"Nimesema nyamaza!"

Khatibu alijishika kichwa. Jumanne Stoffel alipigiwa simu kuhusu namba ile. Mtu aliyepigiwa simu kama hiyo angeiacha namba ile ubavuni kwa siku mbili? Asingeiacha. Alikuwa ametafuta namba, na namba ndicho kitu cha kwanza ambacho mwizi angekifuta. Dakika thelathini zimekwenda.

"Mzee," aliita. "Tuchukulie lile behewa la wizi lilipakwa namba nyingine jana. Utalitambua?"

Mzee Fourie alikuwa ameegemea ubavu wa 263 akihema. Alitoa behewa dogo la kwanza mfukoni, akaliinua sambamba na lile kubwa. Akalizungusha kidogo.

"Ubavu wa tatu umebonyea," alisema. "Hapa, na hapa. Ngazi imepinda kulia. Hapa, na hapa." Sauti yake ilianza kupanda. "Hili ndilo alilolitazama Valentin kwa behewa la kwanza! Hili ni 263 halali!"

Khatibu akaelewa. "Basi hilo la mfuko mwingine..."

"Ni picha ya mwenzake." Mzee alilitoa la pili. "Namba inapakwa kwa dakika tano. Makovu haya hakuna atakayeyapaka. Isipokuwa Valentin, na yeye yanamchukua wiki tatu."

"Na ndimo alimo," Khatibu alisema, haraka, akijieleza mwenyewe. "Behewa lililo kwenye karatasi linaweza kukaguliwa na mtu yeyote njiani. Lile halimo kwenye karatasi. Likifika Free State linapokelewa na watu wao. Nipe alama."

"Kiraka cha mraba chini ya tumbo la nyuma. Bolti tano, si sita. Na mchirizi wa kutu kutoka kifuniko cha pili, umegawanyika kama suruali."

Yale kumi ya kwanza yalikuwa yameshagongwa, kwa hiyo waliendelea kuanzia la kumi na mbili. Injini ilipiga honi.

Dereva alikuwa mwanamke mnene aliyevaa koti la rangi ya chungwa. Khatibu alikimbia mpaka chini ya dirisha lake.

"Mama, naomba usiondoke. Kuna mtu ndani ya behewa."

"Behewa lipi?"

"Bado hatujui."

"Bhuti, kila wiki kuna mtu ananiambia kuna kitu." Hakusema kwa ubaya. "Robot yangu, ile taa ya reli, ikiwa kijani, naenda. Nikichelewa, treni nne nyuma yangu zinachelewa. Una dakika kumi na mbili."

Alipogeuka, Khatibu alimkuta Spéciose nyuma yake. Alikuwa amesikia, na safari hii hakuhitaji tafsiri. Alipita mbele ya injini, akakunja sketi yake vizuri, akaketi katikati ya reli. Akaushika upande mmoja wa chuma kwa mkono wa kulia na mwingine kwa wa kushoto.

"Hey! Mama! Suka lapho! Toka hapo!" dereva alipiga kelele.

"Kaka Khatibu," Spéciose alisema bila kugeuka, "nenda ukatafute. Huyu hatakwenda."

Akaenda. Alikimbia na mzee akichechemea nyuma, behewa dogo limeinuliwa usawa wa macho kama tochi. La kumi na tisa lilikuwa na kiraka, lakini cha duara. La ishirini na tatu lilikuwa na mchirizi, mmoja tu. Honi ililia tena, safari hii ndefu, na Khatibu hakutazama nyuma kwa sababu aliogopa kuona. La ishirini na sita. La ishirini na nane.

"Simama," mzee alisema.

La ishirini na tisa. Kutu ilishuka kutoka kifuniko cha pili, ikagawanyika kama suruali. Khatibu alipiga magoti kwenye kokoto, akaangalia chini ya tumbo la nyuma. Kiraka cha mraba. Alihesabu bolti kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Tundu la sita lilikuwa wazi.

Namba ya ubavuni iliishia na mia saba arobaini na moja. Aliibonyeza kwa dole gumba. Baridi ya usiku ilikuwa imeizuia rangi kukauka, na weupe ukabaki kwenye ngozi yake.

Aligonga. "Valentin!"

Kimya.

Alipanda. Vifuniko vya 263 vilikuwa na komeo tu, lakini hivi vilikuwa na kufuli jipya. Pitchou alimrushia nondo kutoka chini, na kwa pigo la nne kufuli likafyatuka. Khatibu aliinua kifuniko, akaingiza kichwa chake gizani.

Harufu ilimpiga kwanza, ya mkojo na ya mahindi yenye joto. Kisha mwanga wa simu ukaangukia kiatu, suruali ya kampuni, mkono. Valentin alikuwa amelala chini kabisa ya faneli, amezikwa kiunoni kwenye mabaki ya mahindi, uso umegeukia chuma. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Katikati ya midomo ile palikuwa na punje moja.

Punje ikasogea. Alikuwa anaitafuna.

"Anapumua!" Khatibu alipiga kelele. "Spéciose! Anapumua!"

Alijiachia, akateleza kwenye mteremko mpaka chini. Akamshika Valentin chini ya makwapa na kumvuta. Ukuta ulikuwa laini kama sahani. Kila alipopanda hatua moja walirudi wote wawili. Akajaribu mara tatu. Mara ya tatu mkono wake ulipita chini ya mahindi ukagusa goti la kulia la Valentin, na goti lilikuwa limekaa upande ambao goti halikai. Valentin alitoa mlio mdogo, kama wa mlango.

"Hawezi kutokea juu!" Khatibu aliita.

"Basi atatokea chini!" Ilikuwa sauti ya dereva, karibu kabisa, nyuma ya chuma. Alikuwa ameshuka kwenye injini. "Baba, shika hiyo bar. Wewe zungusha huku. Hii milango najua inavyofunguka, nimeifungua miaka kumi na tano."

"Spéciose, njoo hapa, mpokee kichwa!" Khatibu aliita.

"Niko hapa," alisema. "Niko hapa, niko hapa."

Chuma kililia. Chini ya miguu yao ufa wa mwanga ukafunguka, mwembamba, na punje za kwanza zikaanza kukimbilia nje.

"Taratibu na mguu yake ya kuume!" Pitchou aliita kutoka nje. "Papa, ule mguu, taratibu!"

Khatibu alikuwa amemkumbatia Valentin kwa mikono yote miwili, mgongo wake ukizuia mahindi. Neno lile lilimpitia, kisha likarudi. Yeye mwenyewe alikuwa ameugusa mguu ule dakika moja iliyopita. Hakuwa amemwambia mtu, na Pitchou alidai alichungulia tu, gizani.

Mlango ukafunguka wote. Mahindi yakatoka kwa mkupuo, na Valentin akatoka nayo, kichwa kwanza, akidondoka pamoja na vumbi na punje kwenye mapaja ya mkewe. Spéciose alimkumbatia kichwa, akampangusa macho, pua, midomo, akisema maneno ya Kirundi ambayo Khatibu hakuyajua na hakuhitaji kuyajua. Mzee Fourie alisimama na nondo mkononi, akilia bila sauti. Dereva alikuwa anaongea kwenye redio yake, anaomba ambulensi, anataja namba ya reli mara mbili mbili.

Khatibu alipenyeza kichwa na mabega kwenye mlango ule ule, mikono imebanwa, anakohoa unga.

"Maji," Spéciose alisema. "Nani ana maji?"

"Miye," Pitchou alisema.

Alikuja mbio kutoka upande wa lindo na chupa mkononi. Alipiga magoti kwenye kokoto, akafungua kizibo, akanyoosha chupa. Machozi yalikuwa yanamtiririka kweli.

Valentin alifumbua macho. Alimwona mkewe kwanza, na uso wake ukalegea. Kisha akaona mkono ulioshika chupa, akaufuata mpaka begani, mpaka kwenye kofia ya sufu.

Hakupiga kelele. Aliweka viganja vyote viwili chini. Akajing'oa kwenye mikono ya mkewe, akageuka juu ya tumbo, mguu uliovunjika ukiburuzika nyuma yake kama kitu kisicho chake, akaanza kutambaa kuelekea kwa Khatibu, kuelekea ule mlango, arudi ndani ya behewa.